Imunohistokemia kwa mgonjwa wa saratani ya matiti: tathmini ya huduma ya maabara moja jijini Dar es Salaam

Karatasi ya majibu iliyoandikwa "saratani ya matiti" na kuishia hapo haimtoshi daktari wa saratani kuanza matibabu. Anahitaji kujua kama seli za uvimbe zina vipokezi vya estrojeni na projesteroni, yaani protini zinazozipokea homoni hizo, kama zimebeba protini ya HER2 kupita kiasi, na mara nyingi anataka pia kujua zinagawanyika kwa kasi gani. Majawabu hayo hayaonekani kwa rangi za kawaida za maabara, hata kama daktari wa patholojia ana uzoefu wa miaka mingi, bali hupatikana kwa kipimo cha imunohistokemia. Nimeipitia huduma hiyo nikiwa msimamizi wa matibabu ya mama yangu mdogo, katika maabara binafsi ya patholojia jijini Dar es Salaam, nami naandika kwa ajili ya familia zitakazokabidhiwa bloku ya nta, yaani tishu ya mgonjwa iliyogandishwa ndani ya nta, ikiwa ndani ya bahasha na kuambiwa zitafute mahali pa kuipima. Jina la maabara nimeliacha makusudi, kwa kuwa mambo ninayoyapima hapa yanafaa kuulizwa katika maabara yoyote, iwe ya Moshi, Mwanza, Nairobi au Kampala.

Hukumu yangu naitanguliza: ni huduma nzuri, na sababu kubwa ya kuisifu ni kwamba maabara hiyo ilikataa kutuandikia jibu wakati ambapo jibu lenyewe halikustahili kuaminiwa. Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, ni lazima kwanza ajue analipia nini.

Kingamwili, protini ya kinga ya mwili, ina tabia ya kushika kitu kimoja mahususi na kuviacha vingine. Maabara hununua kingamwili zilizotengenezwa kushika protini fulani, mathalani kipokezi cha estrojeni, na kuzidondoshea juu ya kipande cha tishu kilichobandikwa kwenye kioo cha slaidi. Kipande hicho hukatwa kutoka kwenye bloku ya nta kikiwa na unene wa mikromita 3 hadi 5, yaani chembamba kiasi cha mwanga kupenya bila shida. Nta huondolewa kwa zailini, tishu hurudishiwa maji kupitia alkoholi, kisha slaidi hupashwa moto ndani ya bafa ya sitrati au ya EDTA. Baada ya hapo kingamwili ya kwanza huwekwa na kuachwa ishike inachokitafuta, ile isiyoshika huoshwa, na kingamwili ya pili yenye kimeng'enya cha peroksidesi huwekwa ili iishike ile ya kwanza. Mwisho huongezwa kemikali iitwayo DAB, ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa rangi ya kahawia pale pale kilipo, na tishu nzima hupakwa hematoksilini ili viini vya seli zote vionekane kwa rangi ya buluu.

Hatua ya kupasha moto inastahili maelezo ya ziada, kwa sababu inahusiana moja kwa moja na yaliyotupata. Fomalini, dawa inayozuia tishu isioze, hufanya kazi kwa kuzifungamanisha protini, na kufungamana huko huzificha sehemu ambazo kingamwili ingezishika. Mwaka 1991 Shan-Rong Shi na wenzake walichapisha njia ya kutumia joto kuzifunua sehemu hizo, na tangu hapo bloku za kawaida zinazotunzwa kwenye makabati ya hospitali zikaweza kupimwa kwa kingamwili nyingi ambazo awali hazikufaa. Mizizi ya kipimo ni ya zamani zaidi: Albert Coons wa Chuo Kikuu cha Harvard alifunga rangi inayong'aa kwenye kingamwili mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, walionyesha namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu bila kikomo, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kwa sababu ya kazi hiyo ya Cambridge, kingamwili inayotumika Dar es Salaam inaweza kuwa ile ile inayotumika Uingereza, na majibu ya huku yakasomwa kule bila kuhitaji tafsiri ya kitaalamu. Hata hivyo joto lina mipaka yake. Linafunua kilichofichwa na fomalini, lakini haliwezi kurudisha kilichooza kabla fomalini haijafika.

Sasa nieleze huduma yenyewe. Mapokezi yao ni ya heshima, na cha maana zaidi ni ya kitaalamu. Kijana aliyekuwa dirishani aliipokea bloku, akaisoma namba, akailinganisha na fomu ya hospitali herufi kwa herufi, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Shikamoo mama. Hii bloku imetokana na kinyama cha sindano, au ni ya titi lenyewe baada ya upasuaji?"

"Marahaba mwanangu. Ni ya titi, walishaliondoa."

Akauliza tena kama tunajua titi lilitolewa saa ngapi, liliingizwa kwenye fomalini saa ngapi, na lilikaa humo muda gani kabla ya kukatwa. Hatukuwa na jibu, na fomu ya hospitali haikuwa nalo pia. Aliandika kwamba muda haujulikani na akatueleza kwa upole kwamba maelezo hayo yatatokea kwenye majibu. Maswali ya namna hii ndiyo alama ya kwanza ya maabara inayojua kazi yake. Miongozo ya kimataifa ya saratani ya matiti inataka tishu iingie kwenye fomalini ndani ya saa 1 tangu ilipokatwa mwilini, fomalini yenyewe iwe ya asilimia 10 na yenye bafa, na tishu ikae humo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Maabara isiyouliza itapima chochote inacholetewa, na itaandika chochote inachokiona.

Tulikuwa tumefika pale kwa sababu hospitali iliyomfanyia mama mdogo upasuaji ilikuwa imeshatoa majibu ya mwanzo yenye mistari mitatu: vipokezi vya estrojeni hasi, vya projesteroni hasi, HER2 hasi. Hapakuwa na asilimia, hapakuwa na maelezo ya nguvu ya rangi, wala neno lolote kuhusu tishu ya udhibiti. Daktari wa saratani aliyatilia shaka mara tu alipoyasoma, kwa kuwa uvimbe wenyewe ulikuwa wa daraja la 1, ambao seli zake bado zinafanana sana na seli za kawaida za titi, na uvimbe wa aina hiyo kwa kawaida huwa na vipokezi vya estrojeni. Hasi tatu kwa pamoja katika uvimbe wa daraja la 1 ni jambo linalomfanya daktari makini aombe kipimo kirudiwe. Tofauti si ndogo, kwa maana mgonjwa mwenye vipokezi hufaidika na vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni, ambavyo mara nyingi humezwa kwa miaka 5 au zaidi, ilhali mgonjwa asiye navyo hunyimwa tiba hiyo na kuelekezwa kwenye dawa za mishipani.

Majibu yalichelewa kuliko tulivyoahidiwa. Badala ya ujumbe wa kututaka tukachukue karatasi, tulipigiwa simu na daktari wa patholojia mwenyewe, akatuomba tufike. Alituketisha mbele ya hadubini iliyounganishwa na skrini, na nitakieleza alichotuonyesha kwa kirefu kwa sababu sijawahi kuona maabara ikimweleza mgonjwa jambo kwa uwazi namna ile.

Slaidi ilikuwa na vipande viwili vya tishu. Kimoja, kilichobandikwa pembeni, kilikuwa tishu ya udhibiti, yaani tishu ya mtu mwingine inayojulikana kuwa na vipokezi, ambayo hupimwa pamoja na ya mgonjwa ili kuthibitisha kwamba vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, vimefanya kazi. Viini vya seli zake vilikuwa vimekolea rangi ya kahawia. Kingine kilikuwa cha mama mdogo. Seli za uvimbe zilikuwa za buluu tupu, na mtu asiyejua angeondoka akiamini kwamba jibu la mwanzo lilikuwa sahihi. Daktari akaisogeza slaidi taratibu hadi kwenye sehemu ya titi ambayo haikuwa na ugonjwa, akatuonyesha vijirija vya maziwa vya kawaida, vilivyopangika vizuri kama vilivyo kwa mwanamke yeyote. Katika titi lenye afya baadhi ya seli za vijirija hivyo huwa na vipokezi vya estrojeni, kwa hiyo zilipaswa kuonyesha ukahawia hapa na pale. Hazikuonyesha hata chembe. Vitendanishi vilikuwa vizima, kwa ushahidi wa kile kipande cha pembeni. Tishu ndiyo iliyokuwa imeharibika kabla ya kufika kwake.

Alituambia kwamba hawezi kuandika hasi wala chanya juu ya bloku ile. Maelezo yake yalikuwa kwamba titi zima likitumbukizwa kwenye fomalini bila kuchanjwa, dawa huingia polepole mno, takribani milimita 1 kwa saa, na wakati inasafiri kuelekea ndani, seli za katikati zinaendelea kufa na protini zake kuharibika, kipokezi cha estrojeni kikiwa miongoni mwa zile zinazoathirika mapema. Kinyama kilichotolewa kwa sindano kabla ya upasuaji ni chembamba, fomalini hukifikia mara moja, na kwa hiyo mara nyingi ndicho kinachofaa zaidi kwa kipimo hiki. Akatuandikia barua ya kuiomba hospitali itupatie bloku ya kinyama hicho, na akasema kipimo cha pili hakitalipiwa.

Bloku ilipatikana kwa usumbufu, ila ilipatikana. Majibu ya mara hii yalisomeka hivi: vipokezi vya estrojeni chanya, zaidi ya asilimia 80 ya viini vya seli za uvimbe, rangi nzito, vya projesteroni chanya kwa sehemu ndogo zaidi ya seli, rangi ya wastani, Ki-67, protini inayoonyesha kasi ya seli kugawanyika, ya chini, HER2 alama 2+. Chini yake kulikuwa na aina ya tishu iliyopimwa, majina ya kingamwili zilizotumika, tamko kwamba tishu ya udhibiti ya nje na vijirija vya kawaida vya ndani vimepokea rangi ipasavyo, na tamko jingine kwamba bloku ya titi lililoondolewa ilionekana haifai kwa sababu za utunzaji wa tishu. Karatasi ya namna hiyo daktari yeyote anaweza kuifanyia kazi, na ndiyo ninayoishauri familia yoyote iidai. Asilimia si pambo: kwa miongozo inayotumika sasa, asilimia 1 tu ya viini vyenye rangi inatosha kuuita uvimbe chanya kwa estrojeni, na zile zilizo kati ya 1 na 10 zinatajwa kando kuwa chanya hafifu, kwa kuwa manufaa ya dawa za homoni kwa wagonjwa hao hayana uhakika ule ule. Neno "chanya" au "hasi" likiachwa peke yake linaufuta upambanuzi wote huo.

Upande wa HER2 ndiko ninakowapunguzia alama. Protini hii husomwa kwenye utando unaoizunguka seli, si kwenye kiini, na hupewa alama 0, 1+, 2+ au 3+. Alama 3+ maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 10 ya seli za uvimbe zimezungukwa na rangi nzito iliyofunga duara kamili, na wagonjwa hao hupewa dawa kama trastuzumabu, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1998. Alama 2+ iko katikati na haitoi uamuzi. Inahitaji kipimo cha FISH, kinachohesabu nakala za jeni yenyewe ndani ya kiini. Maabara hii haifanyi FISH. Hilo silioni kuwa kosa, kwa kuwa ni kipimo ghali chenye mitambo yake. Kosa ni kutokutuambia mapema. Mtu aliyepokea fedha zetu alijua kwamba sehemu ya wagonjwa wa HER2 huangukia kwenye 2+, akajua pia kwamba sampuli zao hupelekwa nje ya nchi kwa gharama nyingine, na sentensi moja ya tahadhari siku ya kwanza ingetuwezesha kujipanga. Tulilazimika kuchangishana upya tukiwa tumeshaamini kwamba malipo yamekwisha. Majibu ya FISH yaliporudi yalionyesha kwamba jeni haijaongezeka, na mama mdogo akaanza vidonge vya homoni bila trastuzumabu.

Malipo kwa ujumla ni kwa kila kingamwili, nasi tulilipia nne. Utaratibu huo ni wa haki, lakini una mtego kwa wagonjwa ambao uvimbe wao haujajulikana asili yake. Mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958, kwa kawaida huhitaji kingamwili kadhaa kwa pamoja: CD20 kuonyesha kwamba seli ni za kundi la B, CD10 na BCL6 kuonyesha asili yake, BCL2 ambayo hutarajiwa kuwa hasi au hafifu, na Ki-67 ambayo hukaribia asilimia 100. Uvimbe wa ngozi unaoshukiwa kuwa wa Kaposi huthibitishwa kwa kingamwili inayoshika protini ya kirusi cha HHV-8. Mgonjwa mwenye tezi zilizojaa saratani isiyojulikana ilikotoka anaweza kuanzia kwenye sitokeratini, CD45 na S100 ili kutenganisha kasinoma (saratani zinazoanzia kwenye seli zinazofunika ngozi na viungo), linfoma (saratani ya seli za kinga) na melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi), ndipo nyingine zifuate. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosimama peke yake: S100 hutokea kwenye melanoma na pia kwenye uvimbe wa mishipa ya fahamu, na TTF-1 hutokea kwenye saratani ya mapafu na vilevile ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Kwa hiyo inafaa daktari wa patholojia achague kidogo kidogo, asome, kisha aongeze, badala ya mgonjwa kutozwa orodha ndefu siku ya kwanza. Maabara hii, nilipouliza, ilisema hufanya kwa awamu na humpigia simu daktari aliyemtuma mgonjwa kabla ya kuongeza kingamwili. Ni utaratibu unaomlinda mwenye mfuko mdogo, na naupongeza kwa moyo wote.

Lugha ya majibu ni Kiingereza kitupu. Naelewa kwamba karatasi inaandikwa kwa ajili ya daktari, na istilahi zake zinapaswa kubaki zilivyo, lakini mwenye mwili ni mgonjwa, na wengi wa wanaoketi kwenye benchi la maabara ile hawatapata bahati tuliyoipata sisi ya kuonyeshwa slaidi kwenye skrini. Aya moja ya Kiswahili chini ya majibu, ikisema uvimbe una vipokezi au hauna, na ni tiba za aina gani daktari atazizungumzia, haiongezi gharama yoyote. Nimeliandika pendekezo hilo kwenye daftari lao la maoni.

Jambo la mwisho linahusu bloku, ambayo familia nyingi huisahau. Hii ndiyo tishu pekee iliyobaki ya ugonjwa kama ulivyokuwa kabla ya matibabu, na dawa mpya zikija au ugonjwa ukirudi, itahitajika tena. Maabara iliturudishia bloku zote mbili zikiwa na namba zake, ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na slaidi na maelekezo ya kuziweka mahali pakavu pasipo na joto, na ikatusainisha daftari la makabidhiano. Bloku ya kinyama tuliirudisha hospitali ilikotoka, kwa kuwa kabati la kumbukumbu za patholojia ni salama kuliko nyumba yenye paa la bati, na tukabaki na nakala ya barua inayoonyesha tarehe, namba na jina la aliyeipokea.